Uji wa Asubuhi na Pumba Zitupwazo

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, katika nyumba nyingi za makarani, birika la chai huwa mezani pamoja na mkate mweupe, na siagi kidogo ikiwa mwezi bado ni mchanga. Baba hunywa vikombe viwili akaenda zake kazini. Mama hunywa akiwa amesimama. Na mtoto mdogo, aliyeachishwa ziwa juzijuzi kwa kuwa mama yake ni mja mzito, hupewa uji mwembamba wa unga wa dukani uliotiwa sukari. Uji huo ni mweupe kama maziwa, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa una nguvu kama maziwa. Sivyo.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja tu ya namna hiyo. Mama mzazi wa karani alikuja kutoka shamba kumtazama mjukuu wake, akaleta kuku mmoja, mkungu wa ndizi, na gunia dogo la wimbi. Kulipopambazuka aliketi jikoni akamtazama mkwewe apikavyo. Uji ulipokuwa tayari aliuchota kwa mwiko, akauinua, akauacha uanguke. Ukatiririka mbio kama maji ya mvua yatokayo katika paa la bati.

“Mwanangu,” akauliza, “huu ni uji, ama ni maji ya kuoshea sufuria?”

“Ni uji, mama. Na unga wenyewe ni wa daraja la kwanza, umechekechwa sana.”

“Na hivyo vilivyochekechwa vilikwenda wapi?”

“Nadhani hupewa ng’ombe.”

“Basi ng’ombe hao wana bahati.”

Mkwewe hakucheka. Mtoto alikuwa amepimwa katika zahanati wiki ile ile, na mstari wa uzito katika kadi yake, uliokuwa ukipanda tangu alipozaliwa, sasa ulikuwa umelala. Bibi alilitazama tumbo la mtoto na miguu yake, akambonyeza kwa kidole juu ya wayo, kisha akanyamaza. Alikuwa amekwisha kuona watoto ambao kidole kikibonyezwa hapo huacha shimo.

Swali lake halikuwa la mzaha, nalo lastahili kujibiwa.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisha kusagwa na kutengwa huitwa pumba. Humo mna nyuzinyuzi zisaidiazo tumbo kufanya kazi yake, pamoja na sehemu kubwa ya madini na ya vitamini za jamii ya B. Upande wa ncha kuna kiini, yaani mche mchanga uliolala ukingoja mvua; humo mna mafuta, protini na vitamini tena. Sehemu iliyosalia, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni wanga, akiba ya chakula cha mche huo. Viwanda vya unga mweupe hutoa ganda na kiini, vikabakiza wanga. Sababu yake yafahamika: mafuta ya kiini huharibika upesi, na unga wenye mafuta hauwezi kukaa dukani miezi mingi bila kunuka. Unga mweupe hukaa. Kwa hiyo unga mweupe ulikuwa mzuri kwa mwenye duka kabla haujafikiriwa kama ni mzuri kwa mtoto.

Haki yataka isemwe kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwalazimisha wenye viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano ufungwao katika pakiti. Hilo ni jema, na limefanywa kwa sababu ilijulikana kile kilichopotea. Lakini kumrudishia mtu baadhi ya vitu vilivyotolewa mfukoni mwake si sawa na kuuacha mfuko wake kama ulivyokuwa.

Habari za pumba zilijulikana kwanza kwa kuku. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 daktari Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi mjini Batavia, ambao sasa huitwa Jakarta. Alitumwa kuchunguza ugonjwa wa beriberi, ambao huilegeza miguu ya mtu na kuudhoofisha moyo mpaka afe. Siku moja kuku aliokuwa akiwafuga kwa uchunguzi walianza kupepesuka na kuanguka kama wagonjwa wenyewe. Baada ya miezi kadhaa walipona ghafla, wala hakuna aliyewapa dawa. Eijkman alipouliza aliambiwa kwamba mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya ambaye hakukubali wali wa jeshi upewe kuku wa raia, na kuku wakarudishiwa mchele wa rahisi usiokobolewa vema. Ndipo Eijkman alipowapa wengine mchele mweupe kwa makusudi, wakaugua; akawapa pumba, wakapona. Yeye mwenyewe alidhani kwamba wanga una sumu na pumba ni dawa yake. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba hakuna sumu yo yote, bali katika pumba mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho. Eijkman alipewa tuzo la Nobel mwaka 1929. Mpishi hakupewa kitu.

Wakulima wa Kenya hawakuhitaji kuku wa Batavia katika siku za wimbi, kwa maana wimbi karibu halikobolewi kabisa. Punje zake ni ndogo mno na ngozi yake imeshikamana na wanga. Aliyesaga wimbi alisaga lote, akala lote. Nafaka hii ni ya nchi hizi hizi. Ilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za upande wa Ethiopia na Uganda, ikavuka bahari mpaka Bara Hindi, na huko hulimwa hata leo. Mtama nao ni wa Afrika, na mawele kadhalika. Wakikuyu huuita uji ucuru, Wajaluo nyuka, Wakalenjin musarek. Majina hayo yote yalikuwapo kabla mahindi hayajapanda kutoka pwani.

Mahindi yaliletwa na Wareno baada ya mwaka 1500, lakini yalienea sana barani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Watu hawakuyapenda kwa upumbavu. Shamba la mahindi huzaa sana, hindi limefunikwa kwa maganda hata ndege hawalipati upesi, na kulipalilia si kazi ya kuvunja mgongo kama kupalilia wimbi, ambalo miche yake hufanana na magugu. Tena mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula cha kupimiwa wafanya kazi katika mashamba makubwa, reli na jeshi, hata neno posho, ambalo maana yake ni chakula apimiwacho mtu, likageuka kuwa jina la unga wenyewe na la mashini iusagayo. Kidogo kidogo wimbi likawa chakula cha wazee na cha kutengenezea pombe. Kijana aliyesoma aliona haya kumwandalia mgeni uji mwekundu.

Hasara yake si ndogo. Katika gramu 100 za wimbi mna kalsiamu, yaani madini ya chokaa yajengayo mifupa na meno, kiasi cha miligramu 340. Katika gramu 100 za mahindi hazifiki 20. Mwaka 1931 mabwana John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya afya ya Wamasai na Wakikuyu, na katika mambo waliyoyatilia nguvu ni upungufu wa kalsiamu katika vyakula vya nafaka na mizizi walivyokula Wakikuyu. Mengi katika uchunguzi huo yamebishwa tangu hapo, lakini juu ya kalsiamu mtu aweza kuuliza kama nyumba iliyokuwa ikila wimbi na mboga za majani ilikuwa sawa na nyumba iliyokwisha kuhamia mahindi. Umoja wa Mataifa uliuita mwaka 2023 mwaka wa nafaka za jamii ya wimbi na mawele, ukizihimiza nchi zirudie vyakula hivi. Bibi wa gunia dogo hakuwa ameviacha.

Sasa kazi yenyewe.

Wimbi linunuliwalo sokoni kwa gorogoro aghalabu huwa na mchanga, kwa sababu hupurwa chini. Kulipepeta katika ungo huondoa makapi, lakini mchanga haupeperuki. Dawa yake ni maji. Wimbi humiminwa katika beseni, likatiwa maji mengi, likakorogwa kwa mkono kwa kuzunguka, kisha likamwagwa polepole pamoja na maji yake katika beseni la pili. Mchanga, ambao ni mzito, hubaki chini ya beseni la kwanza. Jambo hili hurudiwa mara tatu au nne mpaka chini pasionekane kitu. Mama asiye na subira ya kufanya hivyo watoto wake watamjulisha kwa meno yao. Baada ya hapo wimbi huanikwa juu ya mkeka au turubai safi, kamwe si juu ya udongo mtupu, na huanikwa siku hiyo hiyo, kwa maana nafaka iliyolowa na kulala imekwisha kuharibika.

Mtama mwekundu hupikwa vizuri, lakini una ukakasi. Ukakasi huo ndio uwafukuzao ndege, nao huuzuia mwili usipate faida yote ya chakula. Kwa uji wa mtoto mtama mweupe ni bora. Mahindi yasikobolewe, yachaguliwe tu, punje moja moja ikibidi.

Hapa pana jambo ambalo wapendao nafaka nzima hawapendi kulisema, nalo sharti lisemwe. Ukungu uotao juu ya mahindi yaliyovunwa na kuwekwa mabichi huzaa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini kuliko katika wanga. Maana yake ni kwamba mtu akoboaye mahindi mabaya hutupa sehemu ya sumu pamoja na pumba. Na mtu asagaye mahindi mabaya mazima huila yote. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Ini ndilo lililoharibika. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Mtu aweza kupika uji kutwa nzima na sumu ikawa pale pale. Wala si kila mara huonekana kwa macho.

Kwa hiyo unga wa nafaka nzima ni wa mtu aijuaye nafaka yake. Mkulima anayo nafasi njema hapa kuliko karani, kwa maana yeye huyaona mahindi yake tangu shambani. Punje zilizogeuka rangi, zenye vumbi la kijani au la kijivu, zilizopasuka au kutobolewa na wadudu, zitupwe. Wala wasipewe kuku wala ng’ombe wa maziwa, kwa maana nao hudhurika, na sumu ya ng’ombe huingia katika maziwa yake. Gunia lililonyeshewa njiani lisinunuliwe hata kama bei yake ni nusu.

Kuna njia ya kujua kama mahindi yamekauka, nayo haihitaji chombo cha fedha nyingi. Huchukuliwa chupa kavu yenye kifuniko, ikatiwa mahindi mpaka thuluthi yake, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyo kavu kabisa. Hutikiswa kwa muda wa dakika chache, ikaachwa robo saa. Chumvi ikishika pande za chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, na yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, yanaweza kutiwa ghalani, ingawa siku moja zaidi ya jua haimdhuru mtu. Yatakiwayo ni maji yasiyozidi sehemu 13.

Nafaka ikisha kuwa safi na kavu, wengine huikaanga kidogo katika chungu au sufuria bila mafuta mpaka ianze kunukia na kulia. Huko kukaanga huleta harufu nzuri, na unga hukaa siku nyingi zaidi kidogo. Wengine hawakaangi. Ni shauri la mapenzi ya mtu, lakini moto usiwe mkali, kwa sababu uji wa nafaka iliyoungua hauna msaada.

Kusaga kwa jiwe kumebaki katika nyumba chache, na hakuna haja ya kumlazimisha mama kupiga magoti saa nzima wakati mashini ya posho iko njia panda. Ila mashini ina adabu zake. Aendaye na wimbi asikubali kumfuata aliyesaga mahindi makavu ya ng’ombe au mihogo yenye ukungu, kwa maana kilo nzima ya mteja aliyetangulia hubaki ndani na kutoka katika mfuko wa anayefuata. Amwambie mwenye mashini, kwa heshima, apitishe konzi mbili za nafaka yake kwanza zimwagwe. Chekeche la ndani huwa la matundu madogo na la matundu makubwa. Kwa uji wa mtoto hutakiwa madogo, na kwa uji wa watu wazima wapendao kutafuna hutakiwa makubwa, yatoayo chenga. Na unga usisagwe mwingi. Mafuta ya kiini yaliyokuwa yamelindwa ndani ya punje sasa yamefunguliwa, na baada ya wiki tatu au nne huanza kutoa harufu chungu. Kilo mbili kila wiki mbili zatosha nyumba ya watu watano wanywao uji kila asubuhi, na hukaa katika debe lenye kifuniko, mbali na meko.

Kupika si kazi kubwa. Kikombe kimoja cha unga hukorogwa kwa maji baridi kikombe kimoja na nusu mpaka pasiwe na madonge. Maji mengine vikombe vitatu huchemshwa. Yakichemka ule mkorogo humiminwa polepole huku mwiko ukizunguka bila kupumzika. Ukianza kupiga mapovu mazito moto hupunguzwa, na uji huachwa uive dakika kumi na tano hata ishirini. Hapa ndipo wengi wakosapo: hupika uji wa nafaka nzima kwa dakika zile zile wapikazo unga mweupe, kisha husema una ladha ya majani. Haujaiva. Maziwa yakiwapo hutiwa mwishoni, na chumvi kidogo kabla ya sukari, si baada yake. Chenga hulowekwa usiku kucha, na asubuhi hupikwa dakika thelathini au zaidi.

Wazee walikuwa na njia bora zaidi. Walikoroga unga na maji jioni, wakauacha katika kibuyu au chungu siku moja hata tatu mpaka uchachuke, kisha wakapika. Sasa yajulikana sababu ya hekima hiyo. Katika ganda la nafaka mna kitu kiitwacho faiteti, ambacho hushika madini ya chuma na ya zinki yasiingie mwilini; kuchachuka hukivunja kwa sehemu kubwa. Tena ule uchachu huwazuia vijidudu vingi vya kuharisha wasizae katika uji, jambo ambalo si dogo kwa nyumba isiyo na barafu wala maji ya bomba. Mwenye kupenda uji mtamu aweza kukamua ndimu au kutia ukwaju, ambao nao husaidia chuma kuingia mwilini. Lakini chai inywewayo juu ya uji huo huo hukizuia tena. Wale wanywao vyote viwili asubuhi moja na wangoje saa moja kati ya uji na chai.

Njia nyingine ni kimea. Wimbi lililooshwa hulowekwa usiku kucha, likachujwa, likafunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili mpaka lichipuke, kisha likaanikwa juani likauke upesi, likasagwa. Wimbi lililoota ukungu wakati wa kuchipuka litupwe lote. Mtama usitumiwe kwa kazi hii nyumbani, kwa maana machipukizi yake yana sumu. Unga wa kimea una nguvu ya ajabu: kijiko kimoja tu, kikikorogwa katika bakuli la uji mzito uliopoa kiasi cha kulika, huufanya uwe mwepesi mbele ya macho, bila kuongezwa tone la maji. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania waliuhimiza sana, wakiufikiria mtoto ambaye tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mtoto huyo hawezi kumaliza uji mzito. Na uji mwembamba wa kawaida humjaza maji akalala na njaa. Kimea humpa uzito wa chakula katika wepesi wa kinywaji. Uji ukisha kulainika huchemshwa tena kidogo kabla hajapewa.

Kwa mtoto kanuni ni hizi. Mpaka atimize miezi sita hahitaji uji wo wote, ziwa la mama latosha. Baada ya hapo uji wake uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kutiririka. Nao peke yake haumtoshi: utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa laini na zilizochaguliwa kwa uangalifu ule ule wa mahindi, au ale yai au maharagwe yaliyopondwa pembeni. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ya Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, aliandika mwaka 1933 habari za watoto waliovimba miguu, wakabadilika nywele na kubambuka ngozi, waliokuwa wakilishwa mahindi karibu peke yake baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina alilolisikia kwa watu wa Ga: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Jina hilo laeleza nyumba ya karani wetu kuliko vitabu vingi. Nayo mimba peke yake si sababu ya kumnyima mtoto ziwa. Mama mwenye afya na ashibaye aweza kuendelea kunyonyesha, na afadhali aulize zahanati kabla ya kuacha.

Pana desturi mpya ambayo haifai. Katika masoko huuzwa unga wa uji uliochanganywa wimbi, mtama, mahindi, mihogo, soya, karanga, mchele, na hata dagaa, vyote katika mfuko mmoja, nao husifiwa kwamba una vyakula kumi. Mama hununua kwa bei kubwa akiamini kwamba kumi ni bora kuliko viwili. Kwanza, hajui lo lote kati ya hayo kumi lilikuwaje kabla ya kusagwa, na karanga moja mbovu yatosha kuuharibu mfuko. Pili, soya isiyopikwa vema humchafua mtoto tumbo, na kila kimoja chataka muda wake wa kuiva. Tatu, mtoto akiharisha mama hatajua ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja au mbili zatosha katika sufuria. Dagaa wakae katika mchuzi wao, ambako ladha yao hupendwa.

Kuhusu bei, ni kweli wimbi ni ghali kuliko mahindi, na mshahara wa karani haujifichi. Lakini nusu wimbi na nusu mahindi mazima yaliyochaguliwa ni uji mzuri, na mkate wa siku sita ukihesabiwa pamoja na siagi na sukari ya vikombe vya chai, hesabu haiwi kama wengi wadhanivyo. Mkulima naye aliye na nafasi ya mistari michache kando ya shamba lake na asiuze wimbi lote kwa watengeneza pombe, akaja kununua unga mweupe kwa fedha hizo hizo.

Katika ile nyumba, bibi alikaa wiki tatu. Siku ya kwanza karani alipoona uji mwekundu mezani aliuliza kama kuna mgonjwa.

“Yupo,” mama yake akajibu, “na wewe utamsaidia kwa kunywa, apate kuona baba yake anakunywa.”

Akanywa bakuli nzima, akaenda kazini bila mkate. Mtoto alikataa siku mbili, akakubali siku ya tatu baada ya kutiwa ndizi iliyopondwa. Na ziwa, ambalo halikuwa limekauka bado, akarudishiwa usiku. Katika zahanati mwezi uliofuata mstari wa kadi ulikuwa umeinuka kidogo, si sana, kiasi cha unene wa kalamu, na mwuguzi akasema aletwe tena baada ya wiki mbili. Bibi alikuwa amekwisha kurudi kwake kupanda. Alimwachia mkwewe nusu ya gunia, na kibuyu cha kuchachulia ambacho alisema kisioshwe kwa sabuni bali kwa maji ya moto tu, na akamwonya asimruhusu mwenye mashini kumharakisha.